Viinitete vya nzi wa matunda: hitilafu za majaribio ya njia za ishara na namna ya kuzitatua

Kiinitete cha nzi wa matunda kikikupa jibu usilolitarajia, usikimbilie kusema njia ya ishara (mfululizo wa protini unaopeleka ujumbe kati ya seli) imevunjika. Uliza kwanza mambo matatu: kina umri wa saa ngapi, kimekulia kwenye joto gani, na mama yake alibeba jeni gani. Hitilafu nyingi zinazobebeshwa njia za ishara kama Wingless, Dpp na Notch huishia kwenye moja ya maswali hayo. Mwongozo huu unafuata dalili unayoiona mezani, na umezingatia hali ya maabara za Uganda: umeme unaokatika, chumba kisicho na kiyoyozi, mwinuko unaoshusha joto la maji yanayochemka, na nzi wa mtaani wanaoingia dirishani wakifuata ndizi.

Umri na joto

Kwenye nyuzijoto 25, buu huanguliwa saa 22 hadi 24 baada ya yai kutagwa. Ndani ya muda huo kila njia ya ishara ina zamu yake. Njia za Toll na Torso hufanya kazi mapema, wakati viini vingali vinagawanyika ndani ya saitoplazimu moja bila kuta za seli. Kufikia saa ya 3 kazi yao kubwa imekwisha. Ishara ya Dpp huonekana kama ufito mwembamba wa pMad (protini Mad iliyotiwa fosfati) mgongoni, mwishoni mwa hatua ya 5 na katika hatua ya 6 kati ya hatua 17 za kiinitete, karibu na saa ya 3. Wingless na Hedgehog hushikiliana tangu hatua ya 8 hadi ya 11, takriban saa 3 na nusu hadi saa 7. Kipindi hicho hicho Notch huamua seli ipi ya ektodermu (tabaka la nje) itazaa neva na ipi itabaki ngozi.

Dalili ya kawaida ni hii: umepaka kingamwili ya Engrailed (protini inayojipanga kwa milia) kwenye mutanti wa wingless, yaani kiinitete ambacho jeni hiyo imeharibika, ukaona milia yote 14 iko mahali pake, ukahitimisha kwamba mutanti ni feki. Huenda si feki. Milia ya Engrailed huanzishwa na jeni za ngazi ya juu bila msaada wa Wingless. Wingless huja baadaye kuitunza. Kwenye mutanti milia huanza sawasawa, kisha hufifia katika hatua ya 9 na 10. Kiinitete cha saa 3 hakina la kukwambia kuhusu hilo. Kusanya mayai kwa saa 2, yaache yakue saa 4 kwenye nyuzijoto 25, ndipo uyakaze, yaani uyahifadhi yalivyo kwa kemikali.

Joto likishuka hadi 18, ukuaji huchukua karibu mara mbili ya muda. Chumba kimoja cha Kampala kinaweza kuwa na nyuzijoto 21 alfajiri na 28 alasiri, na usiku wa Kabale ni baridi zaidi, kwa hiyo sahani iliyoandikwa "saa 4 hadi 6" haina maana bila joto lake. Kama huna inkubeta, tumia kasha la kuhifadhia ubaridi lenye chupa mbili au tatu za lita 1.5 zilizojazwa maji ya nyuzijoto 25, pamoja na kipimajoto kinachohifadhi kiwango cha chini na cha juu. Maji hupoa polepole, na chupa hizo hizo ukiziweka ndani ya inkubeta zitakulinda umeme ukikatika.

Jambo dogo linaloharibu kazi kubwa: andika muda kwa mfumo wa saa 24. "Saa tatu" ya Kiswahili, sawa na ya Kiganda, na ile ya Kiingereza hupishana kwa saa 6. Mtu mmoja akiandika 3 na mwingine akasoma 9, mutanti wenu mzuri atakuwa amepita hatua nzima ya Notch.

Mayai ni machache, au umri wake umechanganyika

Kizimba chenye majike 100 na madume 50 wa umri wa siku 3 hadi 7 kinapaswa kutoa mayai ya kutosha ndani ya saa 2. Kama hayapatikani, angalia kwanza hamira. Iwe mbichi, imekandwa kwa maji hadi iwe nzito kama odii (rojo la karanga au simsim), na ipakwe kidogo katikati ya sahani. Ikiwa nyepesi, nzi hunasa; ikikauka, majike huzuia mayai. Kizimba kiwe gizani na penye unyevu.

Kuzuia mayai ndicho chanzo cha umri mchanganyiko. Jike asiyependa mahali hubaki na yai lililokwisha kurutubishwa tumboni, na kiinitete huendelea kukua humo. Sahani ya kwanza ya siku, iliyokaa kizimbani kwa muda wa saa 1, itupwe bila kuonewa huruma. Ya pili ndiyo ya kazi.

Sahani zenyewe: chemsha gramu 25 za aga katika mililita 750 za maji hadi iyeyuke kabisa. Pembeni pasha moto mililita 250 za juisi ya zabibu na gramu 25 za sukari, kisha changanya. Usichemshe aga pamoja na juisi, maana asidi ya juisi huvunja aga na sahani itabaki rojorojo. Mchanganyiko ukishuka chini ya nyuzijoto 60, tia mililita 10 za Nipagin (dawa ya kuzuia ukungu) ya asilimia 10 iliyoyeyushwa katika ethanoli. Juisi ya tufaha pia inafaa, ila mayai meupe huonekana kwa shida juu yake. Zabibu nyeusi inasaidia macho zaidi ya inavyosaidia nzi.

Mayai hayaanguliwi

Yaache saa 36, kisha tazama rangi. Yai lililobaki jeupe halikurutubishwa, au kiinitete kilikufa mapema sana. Lililogeuka kahawia lina kiinitete kilichokua kwa muda ndipo kikafa. Mayai meupe mengi yanaelekeza kwenye madume wazee, madume waliopatwa na joto kali (juu ya nyuzijoto 29 wengi hupoteza uwezo wa kuzalisha), au majike ambao hawajapandwa. Mayai ya kahawia ndiyo yenye habari za njia za ishara, na hayo ndiyo ya kutengenezea kutikula (ngozi ngumu ya nje ya buu).

Ukipata majike ambao hawatagi kabisa, na mama zao ni wa ukoo wa zamani wa maabara kama Canton-S au Oregon-R, chunguza kama baba alikuwa nzi wa mtaani. Nzi wa mtaani hubeba vipande vya DNA vinavyoruka, viitwavyo P. Mayai ya koo za zamani hayana kinga dhidi yake, hivyo dume wa mtaani akimpanda jike wa maabara, binti zao huweza kuwa na ovari zilizosinyaa, hasa wakikuzwa kwenye nyuzijoto 29. Mchanganyo wa upande wa pili, jike wa mtaani kwa dume wa maabara, hauleti shida hiyo. Kwa Uganda hili si la kinadharia: Drosophila melanogaster asili yake ni Afrika, na yuko kwenye kila lundo la maganda ya ndizi.

Robo haitoki robo

Ukiwapandanisha wazazi wawili wenye nakala moja mbovu kila mmoja, unatarajia asilimia 25 ya viinitete viwe mutanti. Hesabu angalau viinitete 200 kabla ya kulalamika, kisha soma tofauti hiyo kwa utaratibu.

Sifuri. Jibu la haraka ni kwamba ukoo umechafuliwa. Dume mmoja wa mtaani akiingia, baada ya vizazi vichache balansa (kromosomu maalumu zinazozuia jeni mbovu isipotee ukooni) zitakuwa zimepungua na mutanti wametoweka. Tazama nzi wazima: kwenye ukoo wa balansa CyO, kila nzi awe na mabawa yaliyojikunja. Ukiona hata mmoja mwenye mabawa yaliyonyooka, ukoo huo anzisha upya kutoka nakala ya akiba. Funga midomo ya chupa kwa pamba iliyobana, na takataka za matunda zisilale ndani ya jengo. Chanzo kingine ni majike wasio bikira: kwenye nyuzijoto 25 wakusanye ndani ya saa 8 baada ya kutoka kwenye pupa; kwenye 18 una hadi saa 16 hivi.

Asilimia 50 au zaidi wamekufa. Kumbuka kwamba wenye nakala mbili za balansa nao hufa, baadhi wakiwa ndani ya yai. Usihesabu vifo, hesabu umbo. Zaidi ya hapo, dpp ni jeni inayotaka nakala mbili nzima. Nzi mwenye nakala moja tu hawezi kuishi, ndiyo maana koo za dpp isiyofanya kazi kabisa hutunzwa na balansa iliyoongezewa nakala nzima ya dpp. Ukipandanisha bila kufikiria nakala hiyo ya ziada, hesabu zako zitaenda kombo tangu mwanzo.

Asilimia 100, wote mbovu, bila kujali baba. Hapo unatazama jeni ya mama. Dorsal, Toll, torso na wenzao hufanya kazi kupitia RNA na protini ambazo mama aliziweka ndani ya yai. Kiinitete chenyewe hakina usemi. Mama asiye na dorsal atazaa mirija iliyojisokota isiyo na kijimeno hata kimoja (vijimeno ni miiba midogo ya kutikula), hata umpe dume mzima kiasi gani. Na ukimtumia dume mutanti kwa jike mzima hutaona kitu. Mwelekeo wa upandanishaji, yaani nani mama na nani baba, ndio jaribio lenyewe, kwa hiyo uandike daftarini: jike kwanza, dume baadaye.

Hapa joto hurudi tena. Mama mwenye nakala moja tu ya dorsal huzaa watoto wazima kwenye nyuzijoto 25, ila kwenye 29 baadhi yao hupoteza sehemu za upande wa tumbo. Inkubeta iliyopanda joto mwishoni mwa wiki bila mtu kujua inaweza kukupa "mutanti" ambao Jumatatu hawapo tena.

Kuna pia hali ya kati, nayo ndiyo inayochanganya zaidi: mutanti wanaonekana, lakini udhaifu wao ni mdogo kuliko vitabu vinavyosema. Mara nyingi ni akiba ya mama. Notch ni mfano mzuri. Kiinitete kisicho na Notch yake mwenyewe bado kina ile ya mama, hivyo neva huzidi na ngozi ya tumbo hupotea lakini kipande cha mgongo hubaki. Armadillo ni mfano mzuri zaidi, kwa sababu protini hiyo ina kazi mbili: hupeleka ishara ya Wingless na pia hushikamanisha seli. Akiba ya mama inatosha kushikamanisha, haitoshi kupeleka ishara, ndipo tunapata zulia la vijimeno kama la wingless. Ukiondoa na ya mama, seli huachana na hupati kutikula ya kusoma.

Kuondoa akiba ya mama hufanywa kwa FLP (kimeng'enya kinachokata na kuunganisha DNA) na ovoD1 (jeni inayozuia jike kutaga). Mabuu hupewa joto la nyuzijoto 37 kwa saa 2, siku mbili mfululizo, na majike watakaotaga ni wale tu ambao mgawanyiko ulifanikiwa kwenye ovari. Majike wote wakikataa kutaga, joto halikuwafikia mabuu. Tumia beseni la maji lenye kipimajoto, usiamini inkubeta ya hewa. Chupa izame hadi maji ya nje yapite usawa wa mwisho wa chini wa pamba.

Viinitete havizami kwenye methanoli

Utaratibu wa kawaida ni kuondoa ganda la nje kwa dawa ya kupaushia, kukaza kwa dakika 20 ndani ya heptani na fomaldehidi ya asilimia 4 kwa ujazo sawa, kuondoa kimiminika cha chini, kutia methanoli na kutikisa kwa nguvu sekunde 30 hadi 60. Vilivyovuliwa utando wa vitelini (utando ulio chini ya ganda la nje) huzama. Vinavyobaki kwenye mpaka wa vimiminika hutupwa.

Vikikataa kuzama, anza na dawa ya kupaushia. Maelekezo mengi huandikwa kwa dawa ya asilimia 5 au 6, ikichanganywa nusu kwa nusu na maji. Jik na dawa nyingine za madukani huwa karibu na asilimia 3.5, kwa hiyo ukiifuata nusu kwa nusu unafanya kazi na dawa hafifu. Changanya sehemu 3 za dawa na 1 ya maji, na usome lebo ya chupa yako. Dawa iliyokaa kwenye jua la duka hupoteza nguvu. Kipimo cha kweli ni macho: tazama chini ya hadubini hadi vile vipembe viwili vya mgongoni viyeyuke, kwa kawaida dakika 2 hadi 3, kisha suuza kwa maji mengi.

Ganda likiwa limetoka na bado havizami, chanzo ni kimoja kati ya hivi: tone la fomaldehidi lilibaki chini, methanoli imenyonya unyevu wa hewa, au hukutikisa vya kutosha. Viinitete vya mwisho kabisa, hatua ya 17, tayari vina kutikula na vitakusumbua hata ukifanya kila kitu sawa. Fomaldehidi yenye unga mweupe chini ya chupa imepungua nguvu, nunua nyingine.

Kingamwili haionyeshi kitu, au inaonyesha kila kitu

Kabla ya kubadilisha kingamwili, hakikisha aina ya ukazaji inaafikiana na unachotafuta. Phalloidin (rangi inayoshika nyuzi za aktini) haishiki baada ya methanoli; ukiitumia, fuata njia nyingine. Utando wa vitelini utolewe kwa sindano au kwa ethanoli ya asilimia 80 hadi 90. Armadillo huonekana vizuri zaidi kwa ukazaji wa joto. Chemsha maji yenye gramu 4 za chumvi kwa lita na Triton X-100 (sabuni ya maabara) ya asilimia 0.03, dumbukiza viinitete kwa sekunde 10, kisha mimina mara tatu ya ujazo huo wa mchanganyiko uliopoa kwenye barafu. Kampala, kwenye mita 1,200 hivi juu ya bahari, maji huchemkia takriban nyuzijoto 96, na Kabale karibu 93. Hilo lenyewe halivunji jaribio. Kinacholivunja ni kumwaga viinitete pamoja na maji mengi ya baridi, joto likashuka hadi 80. Vikaushe kwenye wavu, vipeleke kwa burashi.

Ishara zinazosomwa kwa fosfati, yaani pMad na dpERK (protini ERK iliyotiwa fosfati, alama ya ishara za EGFR na Torso), hufutika haraka. Vimeng'enya vya kuondoa fosfati huendelea na kazi hadi fomaldehidi ifike ndani, kwa hiyo kati ya kusuuza na kukaza zisipite dakika 5. Usizuie kwa maziwa ya unga, ambayo yana protini nyingi yenye fosfati. Tumia BSA (protini ya damu ya ng'ombe) ya asilimia 1. Na kabla ya kusema EGFR haifanyi kazi, tazama ncha mbili za viinitete vya hatua ya 4 na 5: Torso huwasha dpERK huko kwa nguvu. Ncha zisipoonyesha ishara, kosa ni la upakaji.

Bila hadubini ya konfokali, HRP (kimeng'enya kinachobandikwa kwenye kingamwili) na DAB (kemikali ambayo kimeng'enya hicho huigeuza kuwa rangi ya kahawia) vinatosha kwa maswali mengi. Rangi isipotoka, chunguza vitu viwili. Azidi ya sodiamu inayohifadhi kingamwili nyingi huua HRP; suuza mara 5 au 6 na usiitie kwenye bafa ya mwisho. Kingine ni hidrojeni peroksidi. Ya dukani huwa ya asilimia 3 au 6 na hufa kwenye joto. Tone juu ya kipande cha ini mbichi lifanye povu, la sivyo itupe. Kwa ile ya asilimia 6, mikrolita 5 kwa mililita 1 ya DAB zinatosha.

Kingamwili zilizogandishwa huharibika kila friza inapoyeyuka umeme ukikatika. Zichanganye na gliseroli kwa ujazo sawa, zigawe kwenye vichupa vidogo. Hazitaganda kwenye nyuzijoto hasi 20, hivyo hazitakuwa na cha kuyeyuka.

Kusoma kutikula bila kujidanganya

Kama huna mchanganyiko wa Hoyer wa kung'arishia kutikula, ambao una klorali hidrati inayopatikana kwa shida, tumia asidi laktiki sehemu 9 na ethanoli 1, usiku kucha kwenye nyuzijoto 55. Mwanga wa giza (vijimeno vikimetameta juu ya mandhari nyeusi) unapatikana kwa kuweka kiduara cha karatasi nyeusi katikati ya kondensa ya hadubini.

Buu mzima ana mikanda 3 myembamba ya vijimeno kifuani na 8 mipana tumboni, na kati yake kutikula tupu. Zulia la vijimeno lisilo na nafasi tupu ni dalili ya wingless, hedgehog au armadillo. Kwa umbo peke yake usitaje jina. Kutikula tupu kila mahali ni ishara ya Wingless iliyozidi. Mikanda ya tumboni ikizunguka hadi mgongoni, Dpp imekosekana, au Toll imezidi, na hizo mbili hutenganishwa kwa kuuliza tena kuhusu mama: Dpp ni ya kiinitete, Toll ni ya mama. Ncha ya nyuma ikikosekana baada ya pingili ya 7 ya tumbo, fikiria torso, tena ya mama.

Gal4 haifanyi kitu

Gal4 ni protini ya kuwashia jeni, na UAS ni swichi yake iliyowekwa mbele ya jeni unayotaka. Chunguza aina ya UAS. UASt haifanyi kazi vizuri kwenye seli za ovari. Kwa jambo la mama unahitaji UASp. Kwa kiinitete, Gal4 itoke kwa jike. Gal4 inayoanzishwa na kiinitete chenyewe lazima itengenezwe kwanza, ndipo iwashe UAS, na ucheleweshaji huo huipitisha zamu ya Dpp yote ya hatua ya 5 na 6. Nguvu yake hupanda na joto: kwenye 18 ni dhaifu, kwenye 29 ni kali. Ukihamia 29, kumbuka kupunguza saa za kukuza, na uwe na kundi la kulinganisha lenye Gal4 bila UAS kwenye sahani ya jirani, ndani ya kasha hilo hilo.